Medali ya Shaaban, Wosia wa Belkin: Wakanada Katika Historia ya Tuzo za Kiswahili

Msomaji wa historia ya fasihi yetu akizipanga tuzo zilizowahi kutolewa kwa washairi wa Kiswahili, kisha akauliza kila moja ilitoka mfukoni mwa nani, atakutana na nchi ambayo hakuitarajia. Atawaona Waingereza, kwa kuwa walitutawala. Atawaona wenye viwanda vya mabati wa Kenya na chuo kikuu cha Marekani. Ataiona serikali ya Tanzania, ingawa ilichelewa kufika. Lakini mara mbili, na mara zote mbili mahali penye uzito, atamkuta Mkanada. Mara ya kwanza ni katika medali aliyopewa Shaaban Robert. Mara ya pili ni katika tuzo yenye jina la Ebrahim Hussein. Kati ya mara hizo mbili imepita zaidi ya nusu karne, na katika nusu karne hiyo Kanada yenyewe ilijijengea tuzo na matamasha ambayo leo ni miongoni mwa makubwa duniani.

Ninaandika nikiwa Mpitimbi, Songea Vijijini. Toronto iko mbali nami, na Dar es Salaam nayo haiko karibu. Kutoka huku tuzo huonekana kama habari ya redioni: fulani ameshinda, amepewa kiasi fulani, amepigwa picha. Swali linalonikaa kichwani ni la mtu wa mbali. Mshairi akishatunzwa, shairi lake linamfikia nani? Nimejaribu kuisoma historia hii yote kwa swali hilo moja.

Kwanza tukubaliane kwamba ushairi wetu haukungoja medali ili ujue ushindani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu mwaka 1840, alitunga kwa kujibizana na wapinzani wa mji wake, na jaji wake alikuwa mji wenyewe. Beti zilizosadifu zilibaki vinywani mwa watu. Zilizopwaya zilikufa bila kuzikwa. Nusu ya heshima ya malenga ilikuwa kujibiwa. Desturi hiyo ilihamia magazetini bila kupoteza roho yake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, likawa uwanja ambako karani wa Tanga aliuliza fumbo na mwalimu wa bara akalifumbua baada ya wiki kadhaa. Hakuna aliyelipwa. Aliyeshinda aliujua ushindi wake kwa wingi wa majibu. Huku Ungoni nako, vikundi vya lizombe vimepimana kwa wimbo na mguu vizazi na vizazi, na anayetunga wimbo unaoshika hujulikana jina lake vijiji vingi mbele ya kwake.

Tuzo kwa maana ya kisasa, yaani kamati, medali na fedha, ilikuja na watu wengine na kwa sababu nyingine.

Margaret Wrong alizaliwa Toronto mwaka 1887. Baba yake, George Wrong, alikuwa mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Toronto, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya vitabu. Tangu mwaka 1929 alikuwa katibu wa kamati ya kimataifa iliyokuwa na makao London, ambayo kazi yake ilikuwa kuhimiza maandishi ya Kikristo kwa ajili ya Afrika. Hiyo ndiyo fremu, na haifai kuificha: alitumwa na misioni, wakati wa ukoloni, kuwatafutia Waafrika vitabu ambavyo misioni ilivikubali. Hata hivyo, ndani ya fremu hiyo alifanya jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya. Alisafiri mara kwa mara barani, akauliza watu wanasoma nini na wangependa kusoma nini, na akashikilia kwamba Mwafrika anapaswa kuwa mwandishi na si msomaji tu. Mwaka 1934 alitoa kitabu kuhusu uundaji wa vitabu Afrika. Alifia safarini, nchini Uganda, mwaka 1948.

Nitie neno la pembeni kwa ajili ya Wangoni wenzangu. Rafiki yake wa karibu alikuwa Margaret Read, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wangoni wa Nyasaland, ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1937 Read alichapisha makala kuhusu nyimbo za Wangoni katika jarida la kitaaluma la Afrika Kusini. Kwa hiyo, katika maisha ya mwanamke yule wa Toronto, habari za nyimbo za babu zetu hazikuwa ngeni.

Baada ya kifo chake marafiki na wenzake wa kazi walianzisha mfuko wa kumkumbuka, na kutokana na mfuko huo ikatoka tuzo ya uandishi kwa Waafrika. Shaaban Robert aliipata. Katika wasifu wake medali hiyo huandikwa kando ya nishani ya MBE aliyotunukiwa na Uingereza, kana kwamba ni vitu vya aina moja. Mimi sivioni hivyo. Nishani ya dola humtunza mtumishi. Ile ya Margaret Wrong ilimtunza mwenye kalamu, na ilimtunza kwa alichokiandika katika Kiswahili.

Lakini angalia medali ile ilifanya nini na haikufanya nini. Shaaban alikuwa karani wa serikali aliyepigana maisha yake yote kupata mchapishaji. Baadhi ya maandishi yake, kikiwemo Pambo la Lugha, yalitolewa na chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mji ulio mbali na Tanga kwa kila kipimo. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa bado na miswada ambayo haijawa vitabu. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi wake kuzikwa. Sasa mlinganishe na mshindi mwingine wa tuzo hiyohiyo. Mwaka 1959 ilimwendea Chinua Achebe kwa ajili ya Things Fall Apart, riwaya iliyokuwa imetolewa mwaka uliotangulia na Heinemann wa London. Achebe aliikuta tuzo akiwa tayari ana mchapishaji, na mwaka 1962 mchapishaji huyo alianzisha mfululizo wake wa waandishi wa Afrika uliokifikisha kitabu hicho katika shule za bara zima. Tuzo ni ileile. Tofauti ilikuwa mtambo wa uchapishaji uliosimama nyuma ya lugha moja na haukusimama nyuma ya nyingine. Medali hukaa kabatini. Kitabu ndicho kinachopanda basi.

Hebu tuvuke bahari kidogo tuone Wakanada walivyojitengenezea wenyewe, kwa maana somo lao linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuzo za fasihi za Gavana Mkuu wa Kanada zilianzishwa mwaka 1936 na chama cha waandishi wa nchi hiyo, kwa baraka za Gavana Mkuu John Buchan, ambaye naye alikuwa mwandishi wa riwaya za kusisimua. Mwanzoni hazikuwa na fedha. Zilikuwa heshima tupu. Kanada ya wakati huo ilikuwa nchi changa iliyosoma vitabu vya London na New York, na tuzo ilikuwa njia ya kuwaambia wananchi kwamba nao wana fasihi. Hapo msomaji wa Kiswahili anaweza kutikisa kichwa kwa kukubali. Ila kulikuwa na kasoro moja kubwa: Kanada ina lugha kuu mbili, na kwa zaidi ya miaka 20 tuzo hizo ziliitazama moja tu. Gabrielle Roy aliandika riwaya yake ya kwanza kwa Kifaransa, ikatoka Montréal mwaka 1945. Alipotunzwa mwaka 1947 alitunzwa kwa tafsiri yake ya Kiingereza. Kitabu kilipaswa kuvua lugha yake mlangoni ndipo kikaribishwe ndani. Mwaka 1959, baraza la sanaa la taifa lilipochukua usimamizi, vitabu vya Kifaransa vilianza kutunzwa kwa Kifaransa chake. Leo kila tawi la tuzo hizo, ushairi ukiwemo, lina mshindi wa Kiingereza na mshindi wa Kifaransa, na wote wawili hupewa kiasi kilekile.

Nimeikumbuka habari ya Roy mara nyingi tangu Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alipopata Nobeli mwaka 2021. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kisha tukaanza kusubiri kumsoma kwa Kiswahili. Paradise ilitoka kwa jina la Peponi mwaka 2022, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Kwa Roy na kwa Gurnah heshima ilikuja kwa Kiingereza, ingawa nyumba zao zilisema lugha nyingine.

Kisa cha karibu zaidi ni cha M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, kisha akahamia Kanada. Mwaka 1994 tajiri mzaliwa wa Montréal, Jack Rabinovitch, alianzisha Tuzo ya Giller kwa kumbukumbu ya mkewe Doris Giller, mwandishi wa habari za vitabu. Tuzo ya kwanza kabisa ilimwendea Vassanji kwa The Book of Secrets, riwaya ambayo sehemu yake kubwa iko Dar es Salaam na mpakani mwa Kenya na Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 2003 aliipata tena kwa riwaya iliyojikita Kenya. Yaani Kanada ilipofungua tuzo yake ya kibinafsi iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote, iliifungulia hadithi ya kwetu. Wangapi kati yetu wameisoma? Ndani ya kurasa zake Kiswahili kinachungulia kwa neno mojamoja, mithili ya mgeni aliyeambiwa asikae sana. Simlaumu Vassanji, mtu huandika kwa lugha iliyomlea darasani. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba tuzo kubwa inaweza kuipenda nchi ya watu bila kuijua lugha yao.

Na fedha za tuzo zina historia yake. Giller ilipofungamana na benki ya Scotiabank mwaka 2005 ilinenepa hadi kufikia dola 100,000 mwaka 2014. Novemba 2023 waandamanaji waliikatiza hafla yake kwa sababu benki hiyo ilikuwa na hisa katika kampuni ya silaha ya Israeli. Waandishi waligawanyika, wengine wakaondoa vitabu vyao, na hatimaye ndoa ya tuzo na benki ikavunjika. Mshairi hula kwa mkono wa mtu, na siku moja watu humuuliza mkono huo ulishika nini kabla ya kumlisha.

Sisi tulikutana na swali hilo mapema kuliko Wakanada, na kwa ukali zaidi. Mwaka 1974 Kenya ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Kwa upande wa Kiswahili alishinda Abdilatif Abdalla kwa diwani yake Sauti ya Dhiki, iliyokuwa imetolewa mwaka 1973. Mashairi hayo aliyaandika gerezani kwa siri, mengine kwenye karatasi za chooni, akitumikia kifungo cha miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa kuandika waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi. Rais aliyetawala nchi iliyomfunga ndiye huyohuyo ambaye jina lake lilibandikwa kwenye tuzo. Wakati diwani inatunzwa, mtunzi alikuwa ameshahamia Dar es Salaam, akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Wapo wanaosoma tukio hilo kama kejeli tu. Mimi naona zaidi ya kejeli: majaji walilipa shairi haki yake mbele ya jina zito kuliko lao, na tuzo iliyoanza kwa ujasiri wa namna hiyo ilistahili kuenziwa kuliko ilivyoenziwa baadaye.

Sasa nifike kwa Mkanada wa pili, ambaye kisa chake kinatua karibu na mlango wangu.

Gerald Belkin (1940-2012) alikuwa mtengeneza filamu. Alifika Tanzania katika zama za ujamaa, akarekodi wanakijiji wakizungumza mambo yao wenyewe kwa maneno yao wenyewe. Wasomaji wa Ruvuma wataelewa mvuto wa wakati ule. Hapa Songea, kijiji cha Litowa na vijiji vilivyoungana nacho katika chama cha maendeleo cha Ruvuma vilikuwa vimeanza kuishi kijamaa kabla ya Azimio la Arusha, kwa hiari ya wakulima wenyewe, hadi chama hicho kilipopigwa marufuku Septemba 1969. Wageni wengi wa aina ya Belkin walikuja, wakashangaa, wakaondoka na picha. Belkin aliondoka na kitu kingine zaidi: mapenzi ya ushairi wa Kiswahili. Katika wosia wake aliacha fedha za kuanzisha tuzo ya ushairi, na tuzo hiyo haikupewa jina lake. Ilipewa la Ebrahim Hussein. Tangu mwaka 2014 imesimamiwa kwa ushirikiano na Mkuki na Nyota, shirika la uchapishaji lililoanzishwa na Walter Bgoya.

Wapo waliouliza kwa nini tuzo ya mashairi ipewe jina la mwandishi wa tamthilia. Swali hilo humsahau Ebrahim Hussein aliye ndani ya tamthilia zake. Alizaliwa Lindi mwaka 1943, mtu wa Kusini kama sisi, na Kinjeketile yake ya mwaka 1969 imejengwa kwa lugha ambayo inapofika mahali pa uzito huacha kusema na kuanza kughani. Mashetani, Arusi na Kwenye Ukingo wa Thim zinaendelea na mwendo huo, kila moja ikizidi kuwa nzito kuliko iliyotangulia. Alifanya uzamivu wake Berlin Mashariki, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akajitenga na hadhara. Hakutafuta sifa, na sifa ilipomtafuta alikaa kimya. Kumpa mtu wa namna hiyo tuzo mkononi ni vigumu. Kuipa tuzo jina lake ni njia ya adabu.

Kwetu Songea Kinjeketile si kitabu cha mtihani tu. Maji yale yaliyoanzia Ngarambe yalifika Ungoni mwaka 1905, na mnamo Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Kila mwaka siku hiyo hukumbukwa penye makumbusho ya Majimaji. Kuna koo hapa ambazo majina yaliyochongwa pale ni ya babu zao. Mwandishi aliyeuliza, kwa sanaa, iwapo neno linaweza kuwa kubwa kuliko aliyelisema, aliuliza swali ambalo wazee wetu walilijibu kwa miili yao. Ndiyo maana mimi, niliposikia kwamba ipo tuzo yenye jina hilo, nilijali zaidi ya ninavyojali tuzo nyingine.

Nami nikaitazama kwa swali langu lilelile. Jambo jema la tuzo hii ni kwamba haikuishia kwenye bahasha. Mashairi bora yanayowasilishwa yamekusanywa katika Diwani ya Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, na diwani hiyo ina juzuu zaidi ya moja. Humo mshindi hasimami peke yake. Amezungukwa na wengine walioshindana naye, wa pwani na wa bara, wanamapokeo wenye vina na mizani na wanamabadiliko walioviacha. Ukisoma juzuu moja unaisikia hali ya ushairi wa miaka ile ilivyokuwa, kama msomaji wa kale alivyoisikia katika kurasa za Mambo Leo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya wosia wa Belkin iliyo na thamani kuliko fedha zake. Washindani walioshindwa nao wamechapishwa. Shaaban hakupata bahati hiyo hata aliposhinda.

Tuzo mbili nyingine nizipitie kwa haraka, si kwa udogo wake, bali kwa kuwa zimekwisha kuandikwa sana. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, kwa fedha za kiwanda cha mabati cha Kenya na msaada wa Chuo Kikuu cha Cornell; baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Mwaka 2015 ilimtunza Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu, na mwaka 2017 Dotto Rangimoto kwa Mwanangu Rudi Nyumbani. Majina ya diwani hizo mbili yanazungumza: moja inasema mtu ana kwao, nyingine inamwita mwana arudi. Nadhani si bahati mbaya kwamba tuzo iliyotoka nje ilivuna mashairi ya nyumbani. Nayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, siku ya Aprili 13 aliyozaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na serikali iliahidi kuchapa miswada inayoshinda na kuipeleka shuleni na maktabani. Ahadi hiyo ya pili ndiyo nisiyoiachia macho. Serikali iliyopata uhuru mwaka 1961 ikisubiri hadi 2023 kumtunza malenga wake kwa utaratibu wa kudumu, inadaiwa zaidi ya hundi.

Limebaki suala la matamasha, na hapa Kanada inanipa mtu wa tatu. Huyu hakutunza mshairi wetu yeyote, lakini aliijua anga yetu. Scott Griffin, mfanyabiashara wa Toronto, aliwahi kuirusha ndege yake ndogo aina ya Cessna hadi Nairobi, akafanya kazi miaka miwili na Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki. Mwaka 2000 alianzisha tuzo ya ushairi inayoitwa kwa jina lake, na leo ni miongoni mwa tuzo za ushairi zenye fedha nyingi duniani. Nimesoma kuhusu mambo mengi ya tuzo hiyo, lakini mawili tu ndiyo yaliyonishika. La kwanza ni usomaji wa hadhara: walioteuliwa hupanda jukwaani na kuyasoma mashairi yao mbele ya watu walionunua tiketi. La pili ni mpango aliouanzisha mwaka 2010 kwa ajili ya shule za sekondari za Kanada, ambapo wanafunzi hukariri mashairi kwa moyo na kushindana kuyaghani, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa.

Niliposoma habari za mpango huo nilicheka kidogo, kwa furaha. Mkanada amelipa fedha nyingi ili watoto wa Toronto wafanye ambacho mtoto wa Lamu alikifanya kwa karne nyingi, na ambacho Mathias Mnyampala alikipeleka darasani kwa ngonjera zake baada ya Azimio la Arusha, wakati Mwalimu Nyerere alipowataka washairi wasaidie kulifafanua. Tamasha la utamaduni la Lamu bado lina mashindano ya mashairi katikati ya mbio za punda na za majahazi. Tanzania bara tuna mashindano ya shule ambamo kwaya na ngonjera husikika. Ila ngonjera nyingi ninazozisikia siku hizi zimetungwa na mwalimu usiku wa kuamkia ziara ya mgeni rasmi, na zikishamkaribisha mgeni hutupwa. Hakuna aliyewaambia watoto kwamba zipo diwani zilizoshinda, na kwamba wanaweza kuzighani hizo.

Songea lina siku yake tayari. Februari 27 watu hukusanyika, hupigwa ngoma, husemwa hotuba. Tumekuwa na tamasha la Majimaji Selebuka pia, lenye mbio, ngoma na mijadala. Sijaona bado saa moja iliyotengwa katika siku hizo kwa mashairi ya tuzo yenye jina la mtunzi wa Kinjeketile, yakasomwa kwa sauti mahali ambapo vita vyenyewe vilimalizikia. Haihitaji mfadhili mpya wala wosia wa mtu wa mbali. Inahitaji kipaza sauti, ambacho tayari kipo kwa ajili ya hotuba, na vitabu, ambavyo huku havipo.

Kwa hiyo nimalizie kwa ombi. Walimu wawili wa huku wamekubali kuwaandaa wanafunzi wao wakariri mashairi manne au matano kwa ajili ya Februari ijayo, na tungependa tuyachague kutoka diwani yenyewe badala ya nakala za picha za simu. Mwenye nakala ya ziada ya juzuu la kwanza la Diwani ya Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, naye yu tayari kuiuza kwa bei ya haki, aniandikie. Mabasi ya Dar es Salaam hadi Songea hupokea vifurushi kila asubuhi, na nauli ya kifurushi nitalipa mimi.